Simba wa Baba, Ngoma ya Mgeni

Wiki iliyopita nilikwenda mnadani Mhunze kununua choroko za genge langu, na kabla sijafika kwenye choroko nikakutana na simba. Usishtuke, ndugu yangu, alikuwa ndani ya kichupa. Kati ya wauza mitumba na wachoma nyama palikuwa na muuza dawa aliyefunga kipaza sauti juu ya pikipiki, akitangaza mafuta ya simba: dawa ya mgongo, dawa ya masikio, dawa ya mtoto anayekojoa kitandani na ya mume anayesahau njia ya nyumbani. Mimi nikisikia mtu anadanganya hadharani miguu hunipeleka yenyewe. Nikajipenyeza mpaka mbele, nikaomba kichupa, nikafungua kifuniko, nikanusa.

"Kaka, huyu simba wako alikuwa anakula majani," nikamwambia.

Watu wakacheka. Muuza dawa akazima kipaza sauti, akaniangalia kuanzia kilemba mpaka ndala. "Mama, kwani wewe simba umemjulia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, ila si la kumwagwa mnadani. Nikanunua kichupa chake hivyo hivyo, huku najua ni mafuta ya ng'ombe, nikakifunga kwenye pindo la khanga na kwenda zangu. Njia nzima ya kurudi Shinyanga kichupa kilikuwa kinanigusa kiunoni, na mimi nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu, mbele ya nyumba ya Bibi, puani nina harufu ya mafuta yale ya kweli. Yale yalikuwa na ukali unaokaa kooni. Ukishayanusa mara moja huwezi kuuziwa mengine.

Kwetu ni magharibi, ukingoni mwa pori la akiba. Wakati ule tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Siku hizi wanatuita Geita. Ndani ya pori kulikuwa na kambi ya uwindaji, ukitoka kwetu alfajiri unafika jua halijawa kali: mahema makubwa ya turubai yaliyofunikwa juu kwa nyasi, jiko la matofali, na nyuma yake banda la kuchunia ngozi ambalo wageni hawakuonyeshwa mpaka mnyama awe wao. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuua. Sisi hatukuona ajabu, kila mtu ana kinachomtoa kwao.

Walikuja kiangazi, majani yakishakauka na kuchomwa, wakati sisi nyumbani tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga. Kiwanja cha ndege kilikuwa upande wa kijiji, na kazi ya kukisafisha ilikuwa yetu, watoto wa shule. Mwalimu alitutoa darasani na mafagio tuzoe kinyesi cha punda milia na kufukia mashimo ya ngiri, naye akasimama kivulini na fimbo, maana kambi ilikuwa inamletea nyama ya sarara kila wiki na hakutaka kuipoteza. Aliyelegea alichapwa palepale. Nakumbuka siku moja ndege imeshuka, mgeni amefungua mlango, nasi tumepangwa mstari tunachapwa makalio kwa sababu ya shimo moja tulilolisahau. Mgeni akatoa kamera akatupiga picha, kisha akatupungia mkono. Tuliokwisha kuchapwa tukampungia.

Nisikudanganye, nilikuwa na raha. Ng'ombe wakirudi machungani nilikaa na kibuyu cha maziwa ya mgando katikati ya magoti, na pua yangu ilijua nyama ya kambi kabla gari halijafika. Kila nyati au kongoni aliyeuawa, kichwa na ngozi vilikuwa vya mgeni, nyama nyingine ililetwa kijijini na kumwagwa juu ya majani mbele ya shule. Hapo ndipo ungemjua mtu. Wanawake waliokuwa wakiimba pamoja kanisani waligombea figo kwa visu mikononi, na wazee waliotufundisha adabu walikanyaga watoto. Kidole kimoja cha mama jirani kilibaki pale kwenye majani, na mbwa akakiwahi. Mwenyewe alipotazama mkono wake alikuwa bado amelishika ini, na ini hakuliachia.

Bibi yangu, mama yake Baba, hakuwa akienda kugombea. Alikaa mbele ya nyumba yake akimenya karanga na kusikiliza bunduki. Mlio mmoja, alisema, "Kafa." Milio miwili, alisema, "Kajeruhiwa, leo baba yako atachelewa." Hakukosea, na hakuwahi kusema kwa huruma, si kwa mnyama wala kwa mwanawe.

Baba alikuwa mfuata nyayo wa kambi. Ndiye aliyetembea mbele ya bunduki, macho chini, akiwatafutia wageni mnyama wao, na akiwabebea bunduki ya pili. Alikuwa mwembamba, mpenda kupiga mluzi, na aliipenda kazi yake kuliko alivyoonyesha. Akirudi nyumbani alinichorea kwato mchangani kwa kijiti nimtajie mwenye nazo. Bibi akipita alizifuta kwa mguu.

"Baba yake aliua simba," alikuwa akisema, si kwa Baba bali kwa yeyote aliyekuwepo. "Huyu anawaonyesha wenzake simba alipolala."

Hapo nikueleze kidogo, kama wewe si wa kwetu. Kwetu mtu akiua simba, haingii nyumbani kwake. Anakaa nje mpaka mganga aje ampake mafuta ya simba yuleyule na dawa, halafu anachezwa. Anavishwa ngozi, anazungushwa kwa ndugu na jamaa na ngoma, na kila nyumba inamtunza, ukoo wake unampa ng'ombe. Mama yake mzazi ndiye anayeanza vigelegele. Asipoanza yeye, ngoma hiyo si ngoma. Toka hapo jina lake ni jina la muua simba mpaka kaburini. Na asipopakwa kabla mwezi mwingine haujaandama, simba anampanda kichwani: ananguruma, anakula nyama mbichi, anakimbilia porini na harudi. Babu alichezwa namna hiyo, na ng'ombe aliopewa ndio waliomwoa Bibi. Bibi aliishi na mume aliyeitwa kwa jina la simba, halafu akazaa mpiga mluzi.

Mwaka ule alikuja mgeni mzee, mnene, mpole, mikono inatetemeka. Alitugawia pipi kiwanjani. Alikuwa ametaka simba maisha yake yote, ndivyo Bosi alivyotueleza. Bosi ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi, mzungu aliyezaliwa hapahapa nchini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Wakatundika chambo mtini, mapaja ya punda milia, wakawa wanakwenda kujificha kwenye kibanda cha majani kumngoja simba aje kula. Baba alirudi akinuka chambo kiasi kwamba Mama alimwekea chakula upande upepo unakokwenda.

Siku yenyewe, asubuhi na mapema, tukasikia mlio mmoja. "Kafa," akasema Bibi. Kisha kimya, kimya kirefu, jua likapanda, mimi nikanywesha ndama nikarudi. Ukaja mlio mwingine mmoja. Halafu tena, baada ya muda, mwingine peke yake. Bibi akaacha karanga.

"Hii siielewi," akasema.

Baba alifika jioni. Alikuwa na kopo la siagi mkononi, limefungwa kwa kitambaa, na alipofika kwenye uzio wa miiba wa boma letu akasimama. Nikamkimbilia, akarudi nyuma. Bibi alimwona kutoka alipokaa, na sijawahi kumwona mtu mzima akinyanyuka upesi namna ile.

"Umeua," akasema.

"Nimeua, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo.

Akatueleza kutokea palepale nje ya uzio. Mgeni alimpiga simba tumboni, simba akaingia kwenye matete. Wakangoja alegee, Bosi akivuta sigara, kisha wakamfuata: Baba mbele, Bosi na mgeni nyuma yake, na askari wa wanyamapori nyuma kabisa. Simba hakutokea mbele. Alitokea ubavuni. Mgeni alipomwona alimwangukia Bosi, wakaenda chini wote wawili, bunduki ya Bosi ikiwa chini yao. Baba alikuwa na ile bunduki ya pili. Hakukumbuka alivyoiinua na kupiga, alikumbuka tu kwamba simba aliangukia karibu na kiatu cha mgeni, kidevu chini, kama anayesikiliza ardhi.

Bosi alipoinuka akamtazama askari. Askari akatazama ndege juu ya mti. Bosi akazungumza na mgeni kwa lugha yao, akamwambia kwamba ile risasi yake ya asubuhi ndiyo iliyoua, ilichelewa tu, akamsimamisha na kumpa bunduki ampige tena simba aliyekwisha kufa. Mgeni akapiga, akalia kwa furaha. Kisha Bosi akamvuta Baba pembeni.

"Simba ni wa mgeni," akamwambia. "Wewe huna kibali hata cha sungura. Nikisikia popote kwamba umeua wewe, nitakupeleka polisi mwenyewe, tena kwa gari langu."

Ndani ya kopo mlikuwa na mafuta ya simba yule, Baba alipewa na mchunaji wa kambi, aliyeona tundu la risasi ya kifuani na hakuuliza kitu.

Bibi alimletea Baba maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe, akayaweka chini nje ya uzio. Alikuwa analia na kucheka. Mama alisimama mlangoni akaniambia nisimsogelee Baba, nimwekee ugali mchangani na kuondoka. Baba alilala huko nje na ndama. Mimi nilikuwa na furaha isiyo na kifani, maana nilidhani kesho itapigwa ngoma na watoto wote wa shule wataniheshimu. Lakini watu wazima walikuwa wameshaona kilichokuwa mbele yao. Baba akichezwa, habari zitafika kambini, atamwaga unga na kufungwa. Asipochezwa, mwezi utaandama na atakuwa kichaa.

Bibi alifikiri siku kadhaa, akapata akili ambayo wakati ule niliiona kubwa kuliko ya mwalimu.

"Ngoma itachezwa kambini," akasema. "Tutasema ni ya mgeni. Wewe utakuwa mshika mkono wake. Mganga atakupaka wewe kwanza, nyuma ya banda, kisha yule atapakwa mabaki. Wenye macho wataona mzungu anacheza. Shimba, simba mwenyewe, atakuona wewe."

"Na ng'ombe?" Baba akauliza, maana lazima ukoo utoe.

"Tutampa mtamba. Mzungu atampeleka wapi? Ataondoka na ndege, mtamba atabaki kambini, wewe utarudi naye jioni. Atakuwa wako wa kuchezwa, umepewa na ukoo wako."

Mtamba huyo alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na mimi ndiye niliyemnywesha tangu mama yake alipokufa kwa ugonjwa wa ndigana. Alinifuata mpaka chooni. Nikaambiwa nimwogeshe siku ya ngoma, nikamwogesha.

Bosi aliposikia kijiji kinataka kumchezea mgeni ngoma ya simba alifurahi mno, akatuma lori. Sikuwahi kufika kambini kabla ya siku ile. Kulikuwa na majani mabichi katikati ya kiangazi, yanamwagiwa maji, na wageni wamekaa vitini na vinywaji vyenye barafu. Ngozi ya simba ilikuwa imetolewa kwenye chumvi, imetandazwa, bado mbichi kidogo shingoni. Mganga, mzee wa kijiji cha jirani aliyempaka Babu zamani, alikuwa na lile kopo letu la siagi ndani ya mkoba wake. Baba alisimama nyuma ya banda la ngozi, amevua shati, tayari kupakwa. Mimi nilimwona kwa sababu nilikuwa nimemshika mtamba karibu na pale.

Mganga alikuwa ameanza kuelekea kwake. Bosi akamshika mkono.

"Mzee, wapi? Jua linazama, picha hazitatoka. Anza hapa, mbele ya watu."

Mganga akageuka akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amesimama mbele ya wanawake wote. Ningependa kukuambia kwamba alisema kitu. Angesema nini? Angesema si huyu, na Bosi angeuliza basi ni nani. Mgeni akaletwa, amevuliwa fulana, kitambi cheupe kinatetemeka, anatabasamu na macho yamejaa machozi. Mganga alichota mafuta. Alianza mkono wa kulia, akaja kifuani, akamalizia kwenye paji la uso, akiyanena yale maneno yanayosemwa. Akamvisha ngozi ya simba. Halafu akangoja, na watu wote wakamgeukia Bibi, maana waliopenda kusengenya walikuwa wamesema yeye ndiye aliyeomba ngoma hii, basi aianze.

Bibi akapiga vigelegele. Alipiga kwa sauti kali, ndefu, uso mkavu. Wanawake wakampokea, ngoma zikalia, Baba akasukumwa kutoka nyuma ya banda akamshike mkono muua simba. Akamzungusha. Akamfundisha kukanyaga. Mgeni alicheza vibaya kwa moyo wake wote, na wenzake wakapiga picha mpaka giza likaanza kuingia. Mimi nikaitwa, nikamleta mtamba, nikamkabidhi kamba.

Mganga alipokuwa anapanda lori Bibi alimshika nguo. "Mpake na huyu sasa. Mafuta si yapo?"

"Simba mmoja hana waume wawili, mama," akasema mganga. "Aliyepakwa kwanza ndiye aliyeua. Mengine mimi sina." Akapanda mbele kwa dereva, na begani alikuwa na blanketi jipya la kambi.

Baba hakurudi na mtamba jioni ile. Bosi alimwambia mgeni amefurahi sana na zawadi yake. Mgeni alikuwa bado na chui kwenye kibali, na chui huvutwa kwa chambo. Punda milia walikuwa wamehamia mbali, wanafuata maji. Siku chache baadaye Baba akapewa panga na kamba.

Alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Bado alikuwa haingii ndani, alikula amechuchumaa nje ya uzio. Mama alikuwa amepika mlenda na ugali wa muhogo. Baba akala vizuri, akanawa, ndipo akasema, "Leo nimemtundika mtamba wetu." Kisha akaongeza, "Yule mzee alisimama chini ya mti akaniambia asante. Kwa Kisukuma. Wamemfundisha. Wabeja, ananiambia, wabeja." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika miiba ya uzio asianguke, anafuta macho, anarudia lile neno, anacheka tena. Mimi nilikuwa namlilia mtamba wangu na sikuelewa kinachochekesha. Nikainua uso nikamwona Bibi ameweka mkono mdomoni.

"Imeanza," akasema Bibi.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa, nina watoto, nilipomsikia mtu mwingine akicheka vile, mfiwa kwenye msiba wa jirani hapa mtaani Kambarage, Shinyanga, na hakuna aliyemwita kichaa. Walimkumbatia. Baba hakukumbatiwa na mtu. Jioni ile ile Mama aliondoa shoka na jembe akavificha uvunguni, na kesho yake nikapewa kazi mpya badala ya kunywesha ndama: nimfuate Baba kila aendako, nirudi kumweleza Bibi.

"Amefanya nini?"

"Amelala."

"Amelalaje? Kiubavu au kifudifudi?"

"Kifudifudi."

Bibi akatikisa kichwa. Kifudifudi ni simba. Siku nyingine nikasema amekunywa maji mtoni, akauliza kwa kata au kwa mdomo, nikasema kwa mikono, akasema ndivyo inavyoanza. Nikasema amepiga mluzi. Alisema anaita wenzake. Nikasema leo hakupiga mluzi, hapo akaanza kulia. Kijiji kizima kilikuwa kinamwangalia kwa namna hiyo. Watoto walimnyemelea wakimngurumia kisha wakakimbia, na alipowatupia udongo ikawa habari mpaka shuleni. Wanaume aliokunywa nao pombe tangu ujana walihamisha vigoda vyao. Niliona baba yangu anajifunza kukaa bila kujikuna.

Mwezi ulipokaribia kuandama walikuja wajomba na kamba. Walikuwa na adabu zote. Walimsalimu, wakamweleza kwamba ni kwa usalama wake na wa watoto, wakamfunga kwenye nguzo ya zizi, mikono nyuma, pale ndama walipokuwa wakifungwa. Baba hakushindana nao, kwa sababu alijua kushindana kungeitwaje. Aliniangalia mimi tu. Mwezi ukaandama, tukauona wote, mwembamba juu ya pori, na watu walikuwa wamekuja kutoka vitongojini kumsikia akinguruma. Wengine walikuja na michembe ya kutafuna. Hakunguruma. Alisema, "Mayu, nina kiu." Wakarudi makwao wamekasirika, na wengi wao walisema kwamba simba mwerevu hujificha.

Kambi nayo ikasikia. Bosi hakuja mwenyewe, alituma dereva aseme kwamba mtu mwenye matatizo ya akili hawezi kukaa karibu na bunduki. Hapo ndipo Baba alipofunguliwa, na alipofunguliwa hakuingia ndani. Alisimama nje ya uzio palepale alipotuletea habari ya simba, akamwambia Mama atafika Rwamgasa kwenye dhahabu, akimpata mtu atamtumia salamu. Bibi alikuwa amekaa na karanga zake. Baba akamwambia, "Mayu, wewe ndiye uliyepiga vigelegele." Hakusema zaidi, akaondoka kwa njia ya kiwanja cha ndege.

Rwamgasa hakuna anayemuuliza mtu alikotoka. Huko alishuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, miaka mingi, mpaka vumbi la mawe likamjaa kifuani. Alituma salamu, baadaye hata vitenge. Kijijini hakurudi ila siku tulipomzika Bibi, na siku hiyo alisimama mbali, upande upepo unakokwenda, na wanawake wakawavuta watoto wao karibu.

Leo kiwanja cha ndege kimetobolewa mashimo mwanzo mpaka mwisho, vijana wanatafuta dhahabu pale tulipochapwa. Kambi iliondoka, mahema yaliacha miraba myeupe ardhini, ng'ombe wa watu wanalala kwenye banda la ngozi. Mganga amekufa, wajomba wamekufa. Simba hawapo tena. Ukimwambia mtoto wa kule kwamba simba alisikika kutoka kitandani anakuomba umwonyeshe kwenye simu. Hata michembe siku hizi nainunua sokoni na haina ule utamu wa moshi. Na katika nchi nisiyoijua, ukutani kwa mtu aliyekwisha kufa, yupo simba wa baba yangu, na wajukuu wa mtu yule wanasimulia vizuri sana jinsi babu yao alivyomuua. Inaniuma. Ingekuwa uongo wa mtu mmoja ningeusamehe, lakini uongo huu ulipigiwa ngoma na sisi wenyewe.

Baba anaishi kwangu sasa. Anakaa uani, nyuma ya genge, kwenye kiti cha plastiki, na anakohoa. Siku ile nilipotoka Mhunze nilimkuta hapohapo, jua la alasiri limemfikia magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Choroko umepata?"

"Nimepata. Leta mkono."

Nikafungua pindo la khanga, nikamimina yale mafuta kiganjani. Nilianza mkono wa kulia. Nikaja kifuani, pale mbavu zinapohesabika, nikamalizia kwenye paji la uso. Maneno ya mganga siyajui, kwa hiyo nilinyamaza. Baba alifumba macho, akavuta hewa puani kwa taabu.

"Haya ya ng'ombe," akasema.

"Najua."

"Tena ng'ombe mzee." Akaanza kucheka, kicheko kilekile, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Kisha, bila kufumbua macho, akaninyooshea mkono wa kushoto, ambao mganga hakumpaka yule mgeni.

Nikamimina kilichobaki. Na kwa kuwa mama yake hayupo, nikasimama katikati ya ua nikapiga vigelegele mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, mpaka kuku wakatawanyika. Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta, kitambaa cha jikoni mkononi, anatabasamu, akaniuliza nani anaolewa.

"Baba yangu ameua simba," nikamwambia.

Akamtazama yule mzee anayeng'aa mafuta, aliyenyoosha mikono yote miwili na kucheka peke yake juani. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Poleni," akasema, akamwita mtoto wake aliyekuwa anacheza mlangoni kwetu arudi ndani.